Sifa za Blanketi Lisilokwisha

Nyumbani kwetu kuna blanketi la viraka ambalo halijamfunika mtu hata usiku mmoja, na sijaona kitu kingine mle ndani kinachostahili sifa kama hilo. Mke wangu analiunga kwa mabaki ya vitenge na kanga anayookota kwa fundi cherehani. Ukimuuliza limefika wapi, hukujibu, "Limebaki kidogo." Jibu hilo amejifunza kwa fundi huyohuyo, ila fundi hukupa usiku wa kuamkia Idi, keshapokea nusu ya malipo. Blanketi letu halijala pesa ya mtu.

Tazameni kwanza enzi yake. Blanketi lililokwisha humiliki kitanda kimoja tu. Hili letu limetwaa kochi, meza ya chakula na sakafu yote ya sebule, ambako vipande vimepangwa safu kwa safu vikingoja uzi, na mgeni hupita kwa ncha za vidole kama anayevuka mto kwa mawe. Watoto wameacha kukimbia ndani, adabu ambayo mimi nimewadai miaka yote nisiipate. Tena sisi tunakaa Dar es Salaam, na Februari yote hii feni imezimwa ili vipande visipeperuke. Nionyesheni blanketi jingine linalotia watu joto kabla halijashonwa!

Halafu lina maneno. Kuna kipande cha kanga nyekundu ambacho mkasi ulipita katikati ya jina lake, kikabaki na AKIBA HAIO. Herufi mbili za mwisho zimelala chini ya mshono wa kitenge cha kijani. Jirani yetu mmoja amekisoma mara nyingi, na kila mara huondoka uso umemshuka, akiamini ni fumbo analopigwa yeye.

Wapo wasemao kazi isiyokwisha ni aibu. Hao nawasimulia habari za Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani huko Georgia, Marekani, mwaka 1837. Yeye alimaliza. Alishona blanketi la visa vya Biblia, wamo Adamu na Hawa, imo ndoto ya Yakobo, imo Karamu ya Mwisho, akalipeleka kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens mwaka 1886. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, alilitamani hapohapo, lakini Powers akakataa kuliuza. Miaka michache baadaye shida zikambana, akataja dola 10, akapewa 5. Alikuwa akirudi kwa mnunuzi kulitazama tu. Sasa liko katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Lingekuwa bado vipande sakafuni, nani angelinunua?

Wasidi wa Karnataka, India, ambao wazee wao walitoka Afrika, wana werevu wao. Blanketi lao, kawandi, hulishona kwa nguo kuukuu kuanzia pembezoni, wakizunguka kwa bandi kuelekea ndani, kwa hiyo mwenye kutazama kingo huona kazi imekwisha zamani, na pengo liko katikati tu ambako mtu anaweza kuweka mto. Kila pembe hutiwa ua la vitambaa vilivyokunjwa, kwa maana kawandi isiyo na maua huhesabiwa kuwa uchi.

Habari hizo nilimsomea mke wangu, nikidhani zitamtia ari. Zilimtia. Amesimamisha viraka, anakunja maua, na amegundua kwamba pembe nne hazitoshi, kila kiraka nacho kina pembe zake.

Basi msomaji mwenye mabaki ya kitenge cha njano asiyatupe, atuletee. Ya bluu tunayo tele.