Ukiulizwa Kuhusu Sabasaba: Mwongozo kwa Mgeni wa Njombe

Umeshuka basi Njombe na kikoti chako cha Dar es Salaam. Kabla chai haijapoa, mzee wa meza ya jirani atakusalimu, "Kamwene!", kisha atakuuliza: "Mwanangu, wewe uliyetembea, uwanja wetu wa Sabasaba tuupanue au tuukarabati?" Usijibu. Agiza chai nyingine.

Jina lenyewe lisikuhadae. Sabasaba ni Julai 7, siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954, na huko Dar watu huiadhimisha kwa maonyesho na soda baridi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai yake inauma masikio. Novemba ikifika mvua inaanza, wala haina haraka ya kuondoka mpaka ligi iwe ukingoni. Kwa hiyo yeyote anayekuhesabia viti vipya, muulize kwa upole vitakaa chini ya nini.

Mambo yatakuwa magumu ukifikishwa msimu wa 2017/18, na utafikishwa tu. Timu ya hapa, Njombe Mji, walipanda Ligi Kuu pamoja na Lipuli ya Iringa na Singida United. Septemba 2017 Yanga wakaja Sabasaba, wakaondoka na ushindi wa bao moja, la Ibrahim Ajibu. Msimu ulipoisha Njombe Mji wakashuka, wao na Majimaji ya Songea. Usicheke, na usiulize kilichotokea. Sikiliza tu, maana hoja nzima ya upanuzi imesimama juu ya siku mbili: siku ya Yanga na siku ya Simba. Ligi ilikuwa na timu 16, yaani mechi 15 za nyumbani. Ondoa hizo mbili, zilizobaki mtu alipata nafasi ya kukaa yeye na koti lake. Tena, hili liseme moyoni tu, wengi wanaojaza viwanja vya mikoani siku hizo mbili wanakuja kumshangilia mgeni. Halmashauri itajenga jukwaa ili timu yake izomewe na watu wengi zaidi.

Kijana mwenye simu ataingilia kati na picha ya Ann Arbor, Marekani, ambako Chuo Kikuu cha Michigan kina uwanja wa tangu 1927 unaochukua watu zaidi ya 107,000. Sifia picha. Kisha mwambie aikuze aone rangi za nguo: umati ule umevaa rangi za chuo chao. Akihamia Uwanja wa Mkapa, mkumbushe kwamba ulifunguliwa 2007 ukiwa na viti 60,000, na kabla haujatimiza hata miaka 20 mafundi walikuwa wameshaurudia kwa ukarabati.

Sasa usikimbilie kambi ya ukarabati ukidhani huko kuna salama. Kwenye hotuba, ukarabati maana yake ni rangi ya ukutani. Mkaguzi wa ligi hababaishwi na rangi. Anatazama nyasi, anatazama maji ya mvua yanaelekea wapi, anafungua vyumba vya kubadilishia nguo na cha waamuzi. Asiporidhika, uwanja unafungiwa, na timu inabeba mechi zake za "nyumbani" kwenda mkoa mwingine kwa nauli yake. Mimi ningeanzia vyooni, hasa vya wanawake, lakini sijawahi kuona mheshimiwa akikata utepe mbele ya choo, na bila utepe bajeti huwa inapata usingizi.

Hatari kubwa kuliko zote inaitwa Makambako. Ni kilomita kama 60 tu kutoka hapo, pale barabara ya Songea inapoikuta barabara kuu ya Zambia, na treni ya TAZARA inasimama. Tangu mkoa uundwe 2012, ofisi kubwa ziko Njombe, lakini Makambako ndiko malori yanakolala na fedha inakozunguka. Nao wana uwanja wao, Amani, na hawaoni kwa nini Sabasaba upanuliwe kwanza. Ukiwa Njombe, sema Makambako kuna upepo. Ukiwa Makambako, sema Njombe kuna ukungu. Yote mawili ni kweli na hakuna atakayekudai ushahidi. Usithubutu kupendekeza uwanja mmoja katikati ya njia. Ndilo jambo pekee ambalo miji hiyo miwili italikataa kwa sauti moja.

Mzee akikubana kabisa, mjibu haraka: mifereji, nyasi, vyoo, halafu paa juu ya jukwaa lililopo. Viti vipya vingoje timu ipande tena na ikae. Meza itanyamaza. Lipa chai zote, ya mzee pia, kisha ulizia basi la Songea linapita saa ngapi.