Sifa za Kutu ya Chesisi

Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini kutu inaweza kusifiwa bila hofu hiyo, kwa kuwa yenyewe bila maji haizaliwi. Nasaba yake ni ya kale: chuma hulala ardhini kikiwa kimeungana na oksijeni, tanuru huvitenganisha kwa moto mkali, na kutu si kingine ila kurudiana kwa wawili hao, maji yakiwa shahidi na chumvi ikiwa mshenga, maana maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi na hivyo huharakisha ndoa. Ndiyo sababu malori ya Mombasa na Dar es Salaam, yanayopulizwa na upepo wa bahari, hupata harusi hiyo mapema kuliko ya bara kavu.

Fadhila zake ni nyingi. Ni nyenyekevu, kwani huacha kebini iendelee kung'aa, ikachagua chesisi, yaani fremu inayobeba injini na mzigo, hasa pale matope yanapojificha; kikulacho ki nguoni mwako. Ni karimu, kwa kuwa chuma inachokila hukirudisha kikiwa kimevimba, hata ikaweza kutanua mabamba mawili yaliyobanwa kwa ribiti. Bidii yake nayo haina mfano: utando unaoota juu ya alumini huziba na kuikinga, ilhali kutu ina vinyweleo vinavyopitisha hewa na maji, hivyo kazi haikomi.

Zaidi ya yote, kutu ni mkaguzi asiyepokea mlungula. Fundi anayepaka rangi juu ya magamba na vumbi hupewa muda mfupi wa kujisifu, kisha rangi huvimba na kubanduka. Anayemwaga oili chafu uvunguni pia haimchukii. Husubiri tu mvua iioshe oili hiyo, na mchanga ulionata uhifadhi unyevu.

Wanaostahili kupambana nayo ni wachache. Hao hupiga chuma mchanga kwa mashine hadi kibaki kitupu, kisha hupaka praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma, yenye zinki nyingi, ambayo huliwa badala ya chuma kama kafara, kwa kanuni ambayo mwanakemia Humphry Davy aliitumia mwaka 1824 kukinga shaba ya merikebu za Uingereza. Juu yake hufuata epoksi, utomvu wa sehemu mbili unaogandishwa kwa kuchanganywa, na mwishoni rangi ya poliyurethani, kwa sababu epoksi pekee hutoa ungaunga juani. Nta hunyunyizwa ndani ya mikunjo isiyofikiwa na brashi.

Mwenye lori anayeona gharama hiyo ni kubwa asihesabiwe kuwa adui wa kutu bali mfadhili wake, na kutu, kwa adabu yake, haijawahi kumrudishia mfadhili sadaka.