Mwalimu Akikabidhiwa Kipaza Sauti

Chukua wasilisho la kawaida la kongamano la walimu, ulijaze kwenye fomu ya andalio la somo, kisha umpelekee mthibiti ubora wa shule. Utangulizi: kuwashukuru waandaaji, kutamka kwamba itifaki imezingatiwa, halafu kuizingatia upya kwa kumtaja mgeni mmoja mmoja hadi diwani wa kata. Kujenga maarifa mapya: slaidi arobaini na ushei, zote zinasomwa kwa sauti. Shughuli za mwanafunzi: kusikiliza. Zana: projekta inayogoma. Tathmini: makofi. Mthibiti hatamaliza ukurasa kabla hajauliza mtu huyu alipitia chuo gani cha ualimu. Jibu litamshangaza, maana mara nyingi mtoa mada ni mwalimu hodari kweli, wa kusimama Jumatatu asubuhi mbele ya wanafunzi themanini, vitabu ishirini na kipande cha chaki, na kengele ikalia darasa zima likiwa limeelewa sehemu kwa machungwa mawili na kisu. Ndiyo maana nashikilia kwamba vituko vya makongamano ya walimu, vile vinavyosimuliwa kwenye chai hadi mwaka unaofuata, si bahati mbaya wala si umaskini wa vifaa. Chanzo chake ni kimoja: mwalimu huuacha ualimu wake kwenye meza ya usajili, pale anapotia sahihi na kupokea mkoba wenye kalamu na daftari.

Watetezi wake watakimbilia vifaa, kwa hiyo tuanze na vifaa. Flashi inachomekwa, na ndani yake faili halionekani. Kuna njia za mkato tu, zilizozaliwa na kirusi kilichookotwa stesheneri wakati wa kuchapa ikisiri. Faili likipatikana, linafunguka kwenye toleo jingine la programu: grafu imeyakalia maelezo, na alama za hisabati zimegeuka visanduku vitupu. Ukutani, kwa muda usiopungua dakika tatu, ukumbi mzima unatazama picha ya harusi ya mtoa mada na majina ya mafaili yake yote, likiwemo lile linaloitwa "Maombi ya mkopo mpya kabisa ya mwisho 2". Kijana wa mitambo anatafutwa. Alikuwa hapa sasa hivi. Anaporudi na waya unaoingia, robo saa ya wasilisho imebaki dakika sita, na mtoa mada anatangaza kwamba ataenda haraka haraka, yaani atazisoma slaidi zilezile kwa kasi ya dalali wa mnada. Ni kweli umeme hukatika na waya hukosana. Lakini mwalimu huyuhuyu, kazini kwake, chati ikichanika hugeukia ubao bila hata kukata sentensi. Programu ya PowerPoint iliingia sokoni mwaka 1987. Shule zilikuwepo kabla ya hapo, na inasemekana watu walielimika. Kilichokosekana ukumbini ni mpango wa pili, na mpango wa pili ndiyo mali ambayo mwalimu wa Afrika Mashariki anayo kwa wingi kuliko mtaalamu mwingine yeyote.

Tuseme mitambo imetii. Hapo ndipo linapoletwa jedwali. Lina safu kumi na mbili, limenakiliwa zima zima kutoka kwenye tasnifu, na mwenyewe analikaribisha kwa maneno ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye kiti cha plastiki cha ukumbini anayajua: "Najua walio nyuma hamwoni vizuri, lakini..." Jaribu kumfikiria mwalimu wa darasa la nne akiandika ubaoni herufi zisizosomeka, akalikiri hilo mbele ya wanafunzi, kisha akaendelea! Baada ya jedwali huja aya nzima nzima, macho ya mtoa mada yakiwa ukutani na mgongo ukiwa kwa hadhira, kila neno likisomwa kwa uaminifu. Sayansi ya ujifunzaji ilikwisha kulisemea jambo hili zamani. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alionyesha jinsi kumbukumbu yetu ya muda mfupi ilivyo finyu, inabeba vitu saba hivi na kuanza kuvimwaga. John Sweller, tangu miaka ya 1980, ameeleza namna mzigo usio wa lazima unavyoukwamisha ujifunzaji, na miongoni mwa mizigo hiyo ni kumpa mtu maneno yaleyale kwa macho na kwa masikio kwa wakati mmoja. Msikilizaji husoma upesi kuliko anavyosomewa, akafika mwisho wa slaidi, na ule muda uliobaki akautumia kukadiria foleni ya chakula cha mchana.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya watoto. Washiriki ni watu wazima, wana shahada, wanaweza kuvumilia saa moja ya hotuba bila kuimbiwa wimbo wala kuchorewa picha. Wanaweza, na huo uvumilivu wao ndio msiba wenyewe. Mtoto wa darasa la pili akichoshwa hukwambia kwa lugha zote: anamfinya jirani, anaomba ruhusa ya kwenda chooni, anauliza kama kengele imeharibika. Mwalimu akiona hivyo hubadili mbinu papo hapo. Mtu mzima, kwa adabu aliyolelewa nayo, hutikisa kichwa kwa kuafiki huku kalamu ikikokotoa posho ukitoa nauli. Mtoa mada anakiona kile kichwa na anaamini ameeleweka, hivyo mwaka ujao analeta slaidi hamsini. Kwa namna hii inawezekana kabisa mada iitwayo "Mbinu Shirikishi" ikatolewa kwa saa nzima na mtu mmoja, bila swali hata moja kuulizwa, na mtu yeyote ukumbini asione tatizo.

Maswali hutengewa dakika za mwisho, yaani zile ambazo zimeshaliwa na itifaki na waya. Mwenyekiti wa kikao anapokea matatu tu "kwa sababu ya muda", na la kwanza linatoka kwa mzee wa mbele ambaye hana swali, ana mchango mdogo. Mchango mdogo una utangulizi, historia ya elimu tangu wakoloni na mapendekezo manne. Dawa ipo na wala si ngeni. Mwaka 2003, jijini Tokyo, wasanifu majengo Astrid Klein na Mark Dytham walibuni jioni za PechaKucha wakijua fika kwamba msanifu akishika kipaza sauti hakiachi: picha 20, kila moja sekunde 20, zinajigeuza zenyewe, na baada ya dakika 6 na sekunde 40 mtu anaketi. Utaniambia mada nzito haikatiki vipande hivyo. Labda. Ila mwalimu ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kulalamikia muda, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi yanatawaliwa na kengele. Anafundisha mada nzito kuliko hizo kwa vipindi vya dakika 40, na akizidisha anamkuta mwalimu wa somo linalofuata amesimama mlangoni, kashika daftari, anatabasamu kwa heshima isiyo na subira. Kongamano halijaajiri mtu wa namna hiyo, na ingekuwa ajira nafuu sana.

Sasa tutazame kinachorudi shuleni. Mkoba unarudi, cheti cha ushiriki kinarudi na kuingia kwenye faili, na mkuu wa shule anapewa mrejesho wa ukurasa mmoja wenye neno "kunufaika" mara tano. Darasani mambo ni yaleyale. Wamarekani Bruce Joyce na Beverly Showers, walipopitia tafiti za mafunzo ya walimu kazini mnamo 1980, walionyesha kwamba nadharia peke yake haibadilishi ufundishaji kwa kiasi kikubwa. Mwalimu anahitaji kuonyeshwa, kujaribu mwenyewe, kuambiwa amefanyaje, na kupata mwenzake wa kumshika mkono anaporudi darasani. Kutokana na ushahidi kama huu wengine wamehitimisha kwamba makongamano yafutwe, fedha zielekezwe kwenye mafunzo ya shuleni, kama mpango wa MEWAKA nchini Tanzania unavyowakutanisha walimu huko huko wanakofanya kazi. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inavuka mpaka. Yapo mambo ambayo shule moja haiwezi kuyaamua. Kiswahili sanifu tunachogombania kwenye mitihani kilipata msingi wake katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambapo wajumbe walifika mjini kwa Wamvita, wakaketi kwa Wamvita, kisha wakachagua Kiunguja. Walikuwa maofisa na wamisionari wa kikoloni, na wenye lugha hawakusikilizwa sana. Mwenye kinyongo bado anacho. Hata hivyo waliondoka na uamuzi, na mwaka 1930 kamati ya kuutekeleza ikaanza kazi. Kongamano lililokusanya watu kutoka kila pembe likaishia kwenye picha ya pamoja limeitupa nafasi hiyo adimu.

Pingamizi linalopendwa kuliko yote ni kwamba faida ya kongamano haiko ukumbini kabisa. Iko kwenye chai, mwalimu wa Fizikia wa Kigoma anapomwuliza mwenzake wa Lindi anafanyaje majaribio bila maabara. Nalikubali bila kunung'unika. Ila tazama kinachotokea pale penye vikombe: mmoja ana tatizo halisi, mwingine anamwonyesha kwa kijiko na sahani ya sambusa, wa tatu anabisha, wa kwanza anarudia kwa maneno yake kuhakikisha ameelewa. Huo ni ufundishaji, na umefanyika kwa sababu hakuna aliyewakabidhi kipaza sauti. Wajapani wameipeleka hali hiyo ukumbini: katika utamaduni wao wa kuchunguza masomo, ambao James Stigler na James Hiebert waliutangaza kwa ulimwengu mwaka 1999, mwalimu hufundisha wanafunzi wa kweli huku wenzake, pengine kwa mamia, wakitazama, kisha somo lenyewe linajadiliwa hatua kwa hatua. Nasi tunaweza. Kongamano lijalo liazime darasa la tano kutoka shule ya jirani, mtoa mada afundishe anachokihubiri, nasi tulio wazima tukae nyuma. Waandaaji wasihofie bajeti: wanafunzi hawadai posho ya kujikimu, wataridhika na soda na andazi. Na mambo yakienda kombo, yupo mmoja wao atakayenyoosha kidole na kusema kile ambacho ukumbi mzima wa wenye shahada haujawahi kuthubutu: "Mwalimu, hatujaelewa."