Kibodi ya Shemeji na Sikio la Mama Mkwe

Kwetu Magomeni tunaishi watu watano kwenye vyumba viwili na sebule, na hiyo sebule ndiyo ofisi yangu. Watafiti hunitumia mahojiano waliyorekodi huko mikoani, nami nayageuza maandishi. Mchana haiwezekani: mtoto yuko macho, na redio ya jirani haizimwi. Kwa hiyo nakaa mezani saa nne usiku, wenzangu wakishalala, na asubuhi kazi inatumwa.

Balaa lilianzia kwenye kikombe cha uji wa ulezi. Kitinda mimba wetu alikimwaga juu ya laptopu, na ilipokauka herufi A ikagoma kabisa. Nani ataandika Kiswahili bila A? Fundi akaniambia kibodi ya mashine ile imebanwa kwa ribiti kwenye mfuniko, kuibadilisha ni kuifumua laptopu nzima. Bora ninunue ya nje, nichomeke kwenye USB, niendelee na kazi.

Habari zikamfikia shemeji, mdogo wake baba watoto, kijana mpenzi wa gemu. Jioni ile ile akaja na boksi zito. "Shemeji, hii ni zawadi. Hutanunua nyingine miaka kumi." Ilikuwa kibodi ya kupendeza kweli, imetulia mezani, taa za rangi zinawaka chini ya kila kitufe. Nilimshukuru kwa moyo wote, na usiku huo nikaanza nayo kazi.

Ninaponukuu huwa nimevaa hedifoni, kwa hiyo sauti ninayoisikia ni ya mhojiwa tu. Sikujua linaloendelea nyumbani hadi mama mkwe aliponigusa bega, kanga kifuani. "Mwanangu, nani anapiga taipu usiku huu?" Nyuma yake mtoto analia, na baba watoto amekaa kitandani anatazama saa. Yeye ni dereva wa daladala, anaamka saa tisa usiku. Abiria wanampa roho zao. Usingizi wake hauna mzaha.

Kesho yake shemeji akaja kuangalia. Akang'oa kofia ya kitufe kimoja, akatuonyesha swichi ndani yake: springi, na kikonyo cha plastiki cha bluu. Ukibonyeza, kipande kidogo cha plastiki kinaruka na kugonga, na hapo ndipo inapotoka ile "tak". Imetengenezwa makusudi ilie hivyo, kwa sababu wapo wanaopenda kusikia kila herufi ikiingia. Rangi za vikonyo hivyo zilizoeleka kutokana na swichi za MX za kampuni ya Cherry ya Ujerumani, na watengenezaji wengi wakaziiga: bluu inalia, kahawia inampa kidole kizuizi kidogo bila mlio ule, nyekundu inashuka moja kwa moja.

Shemeji hakukata tamaa. Akaleta vipete vya mpira, akavivalisha chini ya kofia moja baada ya nyingine. Usiku ule kishindo cha kitufe kufika chini kilipungua, lakini "tak" ikabaki vile vile, maana inazaliwa ndani ya swichi, na vipete vinalainisha mwisho wa safari tu.

Hapo mama mkwe akaingia kazini. Alisomea usekretari Tabora enzi za taipureta, akastaafu akiwa katibu muhtasi. Alichukua blanketi la mtoto, akalikunja mara mbili, akaliweka chini ya kibodi. "Ofisini tuliweka kitambaa kizito chini ya mashine, la sivyo bosi wa chumba cha pili hasikii simu yake." Sauti ikashuka papo hapo. Meza yangu ya ubao mwembamba ilikuwa ngoma, inachukua kila pigo na kulipeleka ukutani.

Blanketi lilisaidia, ila bluu ni bluu. Ikabidi twende Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, na Mama akasema hatabaki nyumbani. Tuliwahi maduka yanapofunguliwa, kabla spika za mtaani hazijaanza kupiga kelele. Muuzaji akatoa kibodi iliyoandikwa kwenye boksi kuwa haina sauti. Mama akaniambia, "Andika barua." Nikaandika, naye akainama, akalaza sikio kwenye kaunta ya kioo, macho yamefumbwa. "Herufi nzuri. Kile kitufe kirefu kinacheza." Kweli: vitufe virefu kama cha nafasi vina waya chini yake wa kuvisawazisha, na waya ukilegea unagongagonga. Na hicho ndicho kitufe kinachobonyezwa kila neno linapoisha.

Ya pili ilikuwa bapa, vitufe vyake vimekaa juu ya vikono viwili vilivyopishana kama vya laptopu. Safari yake fupi, sauti yake ndogo. Mama aliikubali, mfuko wangu ukaikataa. Ya tatu ilikuwa ya kawaida, yenye shiti la mpira ndani: kila kitufe kinakalia kinundu laini, kinundu kikibonyea kinagusanisha karatasi za plastiki zenye njia za umeme, basi. Mama akaisikiliza mpaka mwisho wa barua, na kitufe kirefu akanirudisha mara kadhaa. "Chukua hii." Muuzaji alianzia 30,000, tukaondoka nayo kwa 25,000.

Usiku wake Mama alikaa kando yangu kunifundisha kidole chepesi. Kwenye taipureta nguvu ya kidole ndiyo iliyorusha chuma kikagonga karatasi, asiyepiga haandiki. Kibodi inahitaji tu mguso unaounganisha njia za umeme. Hata ile ya shemeji, kitufe chake kinashuka kama milimita 4, lakini herufi inaingia kikifika kwenye milimita 2 hivi. Nguvu iliyobaki inageuka kelele.

Zawadi ya shemeji haikutupwa. Iko kwenye steshenari ya wifi, barabarani, mashine ya fotokopi inanguruma pembeni yake na haimkeri mtu. Ni kibodi imara, ilikosa nyumba tu.

Kwa hiyo wewe unayefanyia kazi nyumbani, usiamini maandishi ya boksi, na usiamini masikio yako mwenyewe, kwa sababu anayeandika amezama kwenye kazi. Kabla hujatoa hela bonyeza kitufe kirefu, Ingiza na kile cha kufutia, kwani hivyo ndivyo vinavyoaibisha kibodi za bei nafuu. Weka kitu kizito chini yake. Na ukienda dukani, nenda na yule anayelala chumba cha pili. Wewe unanunua kibodi, lakini usingizi ni wake, naye ndiye mwenye haki ya kuichagua.