Jinsi ya Kulistaafisha Nenosiri la Waifai

Kama nenosiri la waifai ya ofisi limebandikwa ukutani juu ya birika la chai, basi hiyo ni waifai ya mtaa mzima. Muuza maandazi analijua, na aliyeacha kazi mwaka juzi bado anapakua filamu akiwa nje ya geti. Limetumika vya kutosha; lipewe mkono wa kwaheri, na kila kifaa kipate cheti chake cha kidijitali. Kiwango cha 802.1X, kinachowezesha hilo, kipo tangu 2001, kwa hiyo hatuna kisingizio.

1. Simika seva ya RADIUS. FreeRADIUS ni ya bure na inatosha ofisi nyingi. Kwenye mipangilio ya ruta chagua WPA2 au WPA3 ya Enterprise. Kuanzia hapo ruta ni bawabu tu: mgeni akibisha hodi, inamuuliza mwenye nyumba, yaani seva hiyo.

2. Anzisha mamlaka yako ya vyeti. Ufunguo wake wa siri ukae kwenye kompyuta isiyogusa mtandao, wala usiwekwe kwenye flashi inayozunguka ofisini na kadi za harusi. Atakayeupata atajitengenezea cheti anachotaka.

3. Kila kifaa kijitengenezee ufunguo wake wa siri, kisha kitume ombi la cheti tu. Ufunguo usipite WhatsApp, hata kwa bosi.

4. Chagua EAP-TLS, ambapo seva na kifaa hukaguana vyeti. Kwenye simu weka cheti cha mamlaka yako pamoja na jina la seva. Ukiruka hapa, mtu aliyekaa mgahawa wa jirani na ruta yenye jina kama la kwenu ataipokea simu yako kwa mikono miwili, na kila unachotuma kitapitia kwake.

5. Tazama saa. Printa iliyozimwa muda mrefu huweza kuamka ikiamini ni 1970. Kwa hesabu zake cheti cha seva bado hakijaanza kutumika, hivyo inagoma kuunganishwa, na fundi anahangaika na antena bure. Irekebishe saa kwanza, kwa mkono au kwa kebo.

6. Tarehe ya mwisho ya cheti cha seva iandike kwenye kalenda ya watu wawili, mwezi mmoja kabla. Kikiisha muda, ofisi nzima inakatika kwa pamoja.

7. Kompyuta ikiibwa kwenye daladala, batilisha cheti chake siku hiyo hiyo, na uhakikishe seva inaisoma orodha ya vyeti vilivyobatilishwa. Wengine wote wanaendelea na kazi bila kubadilisha kitu. Nenosiri la pamoja haliwezi hilo hata siku moja.

Anza wiki hii na kompyuta ya mhasibu. Mishahara ya watu imo humo.