Maoni Yako Tumeyapokea

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 118, inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Na mnashirikishwa, msije mkasema hamkualikwa. Tangazo limo gazetini, kwa Kiingereza, herufi kama sisimizi. Mkutano ni kesho saa tatu asubuhi, siku ya kazi. Ukumbi uko ghorofa ya pili, na lifti haijawahi kuwepo. Wenye viti vya magurudumu watawakilishwa na nia njema. Mswada ni kitabu kizima, nakala ni mbili, moja ameikalia afisa. Lakini karatasi ya mahudhurio haikosi: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Huo ndio ushahidi wanaousifu wataalamu wa sera. Ukipokea soda, umeunga mkono kodi ya mkate.

Mwaka 2024 vijana wakakosa adabu: wakausoma Mswada wa Fedha wenyewe, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaupeleka TikTok, kisha barabarani. Juni 26 rais akakataa kuutia sahihi. Nyuma yake wabunge, waliokuwa wameupitisha jana yake tu, wakapiga makofi.