Mababu Walikimbia, Mimi Nikalipa Nauli

Kwetu Laare mtu hasafiri kwenda kutazama wanyama. Wanyama ndio husafiri kuja kumtazama yeye. Tembo akitoka Mbuga ya Meru usiku na kuingia shambani, unamchunguza kwa makini kuliko mtalii yeyote, ila unamchunguza huku ukikimbia, na picha hukumbuki kupiga. Simba Elsa, aliyekufa mwaka 1961 na kuzikwa mbugani humo, aliandikiwa kitabu na kutengenezewa filamu. Wazee wetu waliowafukuza simba wasio na majina hawakuhojiwa na yeyote.

Kwa hiyo nilipotangaza kwamba mimi na binamu yangu tunakwenda Lamu, Kisiwa cha Manda, kutazama ndege na kutembea mikokoni, mzee mmoja wa ukoo alitua kikombe chake cha chai akanitazama kwa huruma.

“Baite,” akasema, “huko si ndiko tulikotoroka?”

Mzee alikuwa na hoja. Masimulizi ya Wameru yanasema tulitoka Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji huko pwani, na kwamba tuliteswa na Nguo Ntuni, watu wa nguo nyekundu. Mabwana hao walikuwa na tabia ya kutoa mitihani isiyofanyika: leteni kiatu chenye manyoya ndani na nje, leteni mbwa mwenye pembe. Kiatu kilipatikana, kwa kukata ile ngozi inayoning’inia shingoni mwa fahali. Mbwa naye akafungwa pembe za paa kichwani, nadhani bila kuulizwa maoni yake. Mitihani ilipozidi, Koomenjwe akaongoza watu hadi majini, akapiga maji kwa fimbo, bahari ikagawanyika. Waliovuka gizani wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limeshatoka wakawa Njeru, weupe. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekaa na wazee wa Meru akiyakusanya masimulizi hayo, aliielekeza hiyo Mbwaa huko huko Manda.

Nikamwambia mzee kwamba siku hizi kuna boti. Hakuonekana kuridhika.

Sasa, mtu wa Laare hafiki pwani mikono mitupu. Ukitaja unakotoka, macho ya mwenyeji yanashuka moja kwa moja hadi kwenye mkoba wako. Binamu alilijua hilo, akabeba mabunda ya miraa yaliyofungwa vizuri kwa majani ya mgomba, zawadi ya nahodha tuliyekuwa tumeagana naye kwa simu. Miraa haina subira. Siku mbili zikipita imekuwa kuni. Ndiyo maana pikapu zinazoishusha kutoka Maua zinakimbia hivyo, na ndiyo maana binamu alikuwa akiinyunyizia maji njia nzima hadi gati la Mokowe, huku abiria wenzetu wakikauka koo.

Ikafika Lamu ikiwa mbichi. Binamu akaiweka barazani, kwenye kivuli, akaingia ndani kunawa uso. Lamu ni mji wa punda. Wana hata kituo chao cha matibabu tangu 1987. Mmoja wao alianza na majani ya mgomba na, alipoona hakuna pingamizi, akaendelea na yaliyomo. Usiku ule mtaa mzima haukulala. Punda alikuwa na mengi ya kueleza.

Asubuhi nahodha alipokea habari hizo kimya, kama mtu anayeelezwa msiba. Akatupeleka hata hivyo. Tulikuwa tunakwenda Takwa, mji wa magofu ulioachwa na watu wake katika karne ya 17 wakahamia Shela, ng’ambo ya pili. Njia ya kufikia ni mkono mwembamba wa bahari unaopenya katikati ya mikoko, na haupitiki ila maji yakiwa yamejaa. Nahodha alilisema hilo mara nyingi, tena kwa sauti ya mtu asiyekuwa na miraa mdomoni.

Magofu tuliyaona, na msikiti wenye nguzo juu ya kibla. Wakati wa kurudi binamu akamwona mdiria. Ndege mdogo, buluu inayowaka, ametulia kwenye tawi. Binamu akaomba tusimame. Mdiria akarukia tawi la pili, tukamfuata. Akarukia la tatu.

“Maji yamekupwa, shekhe,” nahodha akasema, akaweka upondo chini, akajilaza na kofia usoni.

Boti ikakaa topeni kama kuku anayeatamia. Maji hupwa kwa takriban saa sita na kurudi kwa saa sita, na hakuna simu ya kupiga kuyaharakisha. Binamu, mtu wa vitendo, akaruka ili asukume. Akazama hadi mapajani. Tulimvuta akatoka na kiatu kimoja, cha pili tukakichimbua baadaye, kikiwa na tope ndani na nje. Nguo Ntuni wangekipokea.

Ndipo utazamaji wa wanyama ulipoanza kwa kweli. Kaa walitoka kwenye matundu yao kwa mamia, kila dume na gando moja kubwa kupindukia, wakatupungia. Samaki wadogo wenye macho juu ya utosi wakatambaa kwenye tope kuja kutusogelea. Kulastara akasimama kwa mguu mmoja, akatukagua kwa muda mrefu, akaondoka bila kuvutiwa. Maji yetu ya kunywa yalikwisha mapema, na Manda haina maji matamu. Chumvi katika visima ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za Takwa kuhamwa.

Nikiwa pale nikaanza kumheshimu Koomenjwe kwa namna mpya. Mtu aliyekulia Manda alijua vizuri saa ambayo njia ya maji inageuka nchi kavu. Fimbo aliibeba kwa ajili ya watazamaji.

Maji yalirudi usiku umeshaingia. Boti ilipoanza kuelea binamu akanigusa bega, uso umejaa wasiwasi wa kweli.

“Sisi ni Njeru,” akasema. “Na sasa tumevuka gizani. Mahari yangu itahesabiwa kwa ukoo upi?”

Msomaji, ukienda Takwa muulize nahodha saa ya maji kabla hujauliza bei. Beba maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani unahitaji. Na kama unatoka Laare, zawadi ya nahodha mkabidhi mkononi mwake. Barazani usiiache hata dakika moja.